CD ya Printa

Fundi alipoweka programu mpya kwenye kompyuta ya shangazi, dukani kwetu Bariadi, printa yetu ya zamani ikagoma kuchapa.

"Kompyuta haiitambui tena," fundi alisema. "Inataka CD iliyokuja na printa. Mnayo?"

Shangazi akanitazama, kwa kuwa vitu vya duka nilivitunza mimi. Nikasema sijui.

Nilijua. Msimu ule ndege walikuwa wanamaliza mpunga wetu kule Migato, nami nilizitundika CD zote za dukani shambani kwa uzi, zing'ae juani na kuwatisha.

"Basi wa kulaumiwa ni waliotengeneza printa," fundi alisema. "Wakileta mpya, ya zamani wanaisahau."

"Hao hawajaingia humu dukani," shangazi akamjibu. "Umeingia wewe. Jana ilichapa, leo umeishika, imekufa. Usirudi tena, baba."

Fundi akafunga begi lake, akaaga kwa heshima. Mimi nilikuwa naangalia sakafu.

Jumapili nilikwenda shambani nikaishusha ile CD. Jua lilikuwa limeibabua na imejaa mikwaruzo. Niliifuta kwa shati, kisha nikaitundika tena palepale. Mpaka leo fundi yule akinisalimia, naitikia bila kumtazama usoni.