Mashua Nyembamba na Magoti ya Mama Mkwe

Nilisomea uundaji wa meli, kisha nikarudi nyumbani Paya, ambako hakuna hata bwawa la maana. Watu walinicheka, nami nilikuwa mtu wa hasira za karibu. Basi wanajeshi walipoanza kumtafuta mama mkwe wangu huko Usamia kando ya ziwa, kwa kuwa mwanawe wa kiume alikuwa ametorokea Kenya, nikasema sasa walionicheka watanijua. Malaba na Busia, mpakani, kulikuwa na vizuizi barabarani. Lilibaki ziwa la kumvushia.

Nilichonga mashua ndogo ya kujaribia, nikawa naivuta kwa uzi kwenye hori la ng'ombe, nimeipakia mawe. Kila nilipopunguza upana, ilikata maji upesi zaidi, ila mawe yakikaa mbalimbali ilipinduka. Yakibanwa katikati, ilitulia tuli. Nikafurahi peke yangu kama mwehu. Mashua yenyewe aliijenga fundi wa Majanji, huko ziwani, kwa vipimo vyangu: watu watatu, wote katikati, magoti kwa magoti. Na kwetu mtu na mama mkwe wake hawaketi mkeka mmoja, hata mkono hawapeani! Nilipima kila kitu, hilo sikulipima.

Alfajiri ya kuondoka, ufukweni, mke wangu aliingia kwanza, akashika kasia. Kwao wanapiga kasia tangu utotoni. Nikafuata mimi. Mama yake, maji yamemfika magotini, akaiangalia ile nafasi mbele yangu.

"Nikae hapo? Na mkwe wangu?" Alimuuliza binti yake, mimi hakunisemesha.

"Mama, keti tu. Leo ni shida."

Akaenda kukaa kwenye ncha kabisa, ametupa mgongo. Mashua ikainama, ikayumba, maji yakaingia. Akashuka, akajaribu tena, yakawa yale yale. Huko barabarani tukasikia lori.

Hasira zikanipanda. "We mama, kaa hapa katikati! Unataka kutuua?"

We mama. Jamani! Nilimwambia hivyo mama aliyenizalia mke. Mke wangu akaziba mdomo kwa kiganja. Mama mkwe akashuka majini, akasema polepole, "Afadhali hao askari." Akaanza kurudi nchi kavu.

Nimwombe radhi kwa mdomo gani? Nikaruka nje, nikapita mbali naye, nikasimama kwenye matete nimewapa mgongo, maana alikuwa amepandisha nguo iliyolowa na si haki yangu kutazama. Nikasikia mke wangu akimbembeleza, mbao zikilia, kisha kasia. Sikugeuka mpaka kukawa kimya kabisa. Ndiyo mashua pekee niliyowahi kuibuni, na sikuiona ikienda.

Baada ya majuma kadhaa nilipita njia za panya upande wa Buhehe, nikavuka mpaka, nikamkuta mke wangu Kenya. Neno la kwanza kunitoka, Mungu anisamehe, halikuwa kumuulizia mama yake. Niliuliza mashua ilikwendaje.



"Ilikwenda vizuri," akasema. "Ulipotoka tu, mama alikuja akakaa katikati."