Mvua Bondeni, Theluji kwa Mama Mkwe

Kama kuna mtu aliyejua tabia za theluji, basi ni Jembe. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya greda alilosukumia theluji barabarani, naye akalivaa kama nishani. Kijiweni alikuwa hakamatiki. "Nyie mnadhani mbingu ni moja?" angesema, kikombe mkononi. "Huku bondeni mvua, katikati ya mlima rojorojo, kule juu theluji ya kiunoni. Ng'ambo ya pili jua linawaka, maana mawingu yameshautua mzigo wote upande wetu!" Kweli tupu. Ndiyo maana aibu iliyomkuta haikuwa na pa kujifichia.

Ngoja niwaambie habari ya beseni. Msimamizi alimwachia Jembe aamue mwenyewe lini greda lipande mlimani. Badala ya kupiga simu juu akauliza, bwana mkubwa aliweka beseni nje ya mlango wa jikoni. Likikutwa na weupe asubuhi, anapanda. Likikutwa na maji, anarudi kulala. Siku nyingi beseni lilisema kweli, kwa kuwa baridi ya juu ilizoea kuteremka hadi bondeni. Mkewe alimwonya mpaka akachoka: "Beseni halina macho, baba watoto." Thubutu! Nani asikie?

Kule juu aliishi mama mkwe wake, mjane, peke yake. Alimpenda Jembe kuliko wanawe wa kuzaa. Sebuleni kwake kulikuwa na kiti cha mbao chenye mto wa buluu, na hakuna aliyekikalia ila Jembe. Hata wanawe wakikisogelea aliwafukuza: "Toka hapo, hicho kina mwenyewe!"

Sasa, asubuhi moja ya uvuguvugu, beseni limejaa maji, simu ikalia.

"Mwanangu, theluji imeziba mlango," alisema mama mkwe. "Banda la kuni silifikii, na za ndani ndizo hizi zinaishia."

"Aa, mama! Huku mvua tu, tena ya joto. Hiyo si baridi ya umri hiyo?" Jembe akacheka.

Mama naye akacheka kidogo, kwa adabu. "Haya, mwanangu. Ukipata nafasi."

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Jembe akanywa chai, akajifunika blanketi, akakoroma.

Mchana mkewe alimpigia mama yake simu, haikupokelewa. Akapiga tena, kimya. Hakugomba. Alichukua ufunguo wa greda, akauweka kifuani pa mumewe, akabaki amesimama hapo hapo akimtazama.

Jembe akaondoka, na barabara ikamsuta kona baada ya kona. Chini ilikuwa mvua. Darajani matone yakawa mazito, yakipasuka kwenye kioo. Kupita msitu, ukuta mweupe ukamkabili. Uvuguvugu wa bondeni ulikuwa umeipandisha theluji juu zaidi tu, haukuifuta. Yale yale aliyokuwa akiwahubiria watu kijiweni! "Mpumbavu mimi," alisema kwa sauti, akashusha bamba la greda na kuanza kusukuma, machozi yakimtoka.

Alifika jua likizama. Majirani walikuwa wameshachimba njia hadi mlangoni kwa makoleo na masinia, na mama mkwe alikuwa hai, ameviringishwa mablanketi kando ya jiko la kuni.

"Pole na kazi, Jembe!" jirani mmoja alimpokea. "Mama ametuambia umekwama njiani tangu alfajiri, unahangaika kutufikia."

Jembe akamtazama mama mkwe. Mama akainamisha macho. Kumbe alikuwa anatetemeka kwa baridi huku akimtungia mkwewe uongo wa kumsitiri! Jembe alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Karibu, mwanangu, upate moto," mama alisema, kisha akasita, akageukia pembeni. Mto wa buluu ulikuwa sakafuni, peke yake. "Nisamehe. Kiti chako nimekichoma. Nilijikaza, nikashindwa."

Jembe akavua kofia. Majirani wote walikuwa wanamwangalia.

"Sikukwama popote, mama," akasema. "Nilikuwa nimelala."

Mama mkwe akaunyoosha mkono, akaukung'uta ule mto, akamsogezea akalie.