Kamera ya Akiba Niliyoichagua kwa Kung'aa

Mkasa huu siupendi, nausimulia tu kwa sababu hadi leo nikipita Karavia nageuza uso, mtu mzima mimi.

Kamera yangu ilikuwa imeanza kukwama, nikaenda sokoni kwa Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa Maniema, kutafuta boîtier ya akiba (yaani kamera tupu, lenzi ninazo zangu). Akaniwekea mbili mezani: moja nyeusi, imechubuka, chapa ileile ya kwangu, nyingine inang'aa kama sufuria mpya. Nikashika ya kung'aa. "Jaribu kwanza lenzi yako," akasema mzee. Wateja walikuwa wananitazama, nami ndani ya abacost yangu, ile suti yetu isiyovaliwa tai, nikaona haya kujaribujaribu kama mwanagenzi, nikajibu, "Baba, miye niko najua kazi yangu." (Nilijua nini?)

Wiki hiyohiyo Mama Ilunga, mjane wa huko Karavia, akaniita nimpige picha moja tu na mwanawe Ilunga, anayekwenda kusoma Ulaya miaka mingi. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege wa Luano linanguruma uani, ukoo mzima umesimama pembeni, na kamera yangu ikakwama. Sikushtuka, nikachomoa ile ya kung'aa kwa madaha, watu wakasema "eeh!", nikaweka lenzi, haishiki, nikageuza, haishiki, maana chapa ile ina lenzi zake na zangu hazina mlango pale.

"Photographe, avion haiko inatungoya!" mjomba akapiga kelele.

Hapo ningesema ukweli yangeisha kwa kicheko. Mimi nikaibana lenzi kwa mkono, nikasema "Musitikisike!", nikabofya, wakapiga makofi, na lenzi ikaniponyoka, ikabingirika hadi kwenye viatu vya Ilunga. Akaiokota, akanirudishia, akapanda gari. Wote walielewa kwamba picha haipo, isipokuwa mama yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Alikuja studio mara tatu. "Foto yetu iko wapi, mwana?" Nami: "Iko mu labo, mama, inasafishwa." Mara ya nne nikashindwa, nikakiri huku natazama sakafu, natamani ardhi inimeze. Hakunitukana, afadhali angenitukana.

"Basi unipige miye peke yangu, nitamutumia."

Akakaa ukingoni mwa benchi. Nikaishika kamera yangu, iliyokwisha kutengenezwa, nikamwomba asogee katikati.

"Hapana." Akagusa nafasi tupu kando yake. "Hapa njo pa Ilunga."

Nikapiga vilevile, macho yamejaa machozi. Tangu siku hiyo sinunui boîtier bila kuivisha lenzi yangu palepale mezani, na anayetaka kunicheka anicheke.