Mbwa Niliyeshindwa Kumwapia

Habari hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeichana. Kila nikifika katikati hasira inanikaba, naanza kuwaonea watu, na mimi sitaki kumwonea mtu. Majina yote nimeyaacha, hata ya mbwa. Hapa kwetu ukitaja jina la mbwa umeshamtaja na mwenye mbwa.

Nilikuwa askari wa ulinzi miaka mingi pale mjini Arusha, mara geti hili, mara geti lile. Shule niliishia la saba, lakini kazi ile ilinifundisha kuandika. Kila zamu ina daftari lake: gari limeingia saa ngapi, limetoka saa ngapi, taa ipi imeungua, hali shwari au si shwari. Unaandika ulichokiona. Ulichokidhania unabaki nacho mwenyewe. Nilipostaafu na kurudi kwenye kishamba changu huku Olmotonyi, daftari nikaendelea nalo. Mke wangu alikuwa ameshatangulia, sikuwa na wa kumsimulia siku ilivyokwenda.

Mbwa walikuja mmoja mmoja. Wa kwanza tulilinda naye geti moja. Meno yalipomwisha wakubwa wa kazi wakataka kumuua, nikasema basi nipeni mimi. Wa pili ni jike jeusi, nilimkuta mtaroni mjini, kamba imezama shingoni mpaka nyama imeota juu yake. Wa tatu ni mweupe wa sikio moja. Wapangaji walihama wakamwacha, naye akakaa wiki nzima mbele ya mlango uliofungwa akingoja ufunguliwe. Wa nne ndiye huyu wa kahawia. Alitupwa korongoni chini ya msitu, ndani ya kiroba. Nilikiona kiroba kinatembea. Wenzake watatu waliokuwa ndani walikuwa wameshakufa.

Watu walicheka. "Wenzako wanafuga ng'ombe wa maziwa," waliniambia, "wewe unafuga viroboto." Na mimi nilicheka, maana viroboto walikuwepo kweli.

Binti yangu aliponinunulia simu ya tachi alidhani nitakuwa nampigia. Nikawa napiga picha mbwa. Huku kwetu jua linachelewa, mlima unalizuia. Watu wa mjini wameshaanika nguo sisi bado tuko kwenye kivuli. Likishavuka bega la Meru linaingia barazani kwangu lote kwa mara moja, na kwa muda wa kunywa kikombe cha chai kila kitu kinakuwa kizuri, hata ndoo. Hapo ndipo nilipokaa kwenye gunia, viwiko magotini ili mkono usitetemeke.

Yule jike mweusi alinitesa. Kwenye picha alikuwa anatoka kama shimo. Nikamweka mbele ya ukuta wa chokaa, akazidi kuwa shimo. Siku moja akalala mwenyewe mbele ya migomba, nikamgusa usoni kwenye kioo cha simu, macho yakatokea, na ndevu, na kovu la kamba. Nilikaa nikiitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Yule mbwa mzee wa getini aligeuza uso kila mara, kama mtu anayedaiwa. Mweupe aliirukia simu akailamba. Wa kahawia peke yake ndiye aliyejua kazi. Ukimnyooshea simu tu anakaa, anaweka mguu mmoja juu ya mwingine, anakutazama.

Simu ikajaa. "Baba, futa nyingine," binti aliniambia.

"Nifute yupi?"

"Si yupi, baba. Picha. Una mia mbili za mbwa mmoja."

Sikufuta. Sasa naanza kusema lililonipata.

Jumatatu moja nililetewa kichwa cha ng'ombe kutoka machinjioni, nikawagawia. Wa kahawia alipomaliza akainua uso, na jua ndiyo linavuka. Damu mdomoni iling'aa mpaka kwenye nyusi. Nikapiga. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nikiitazama leo naona bado ni nzuri, jambo ambalo linaniudhi. Nikaiweka status, nikaandika chini yake: Mfalme amekula.

Hilo ni kosa langu. Naliandika hapa ili lisije likasemwa kwamba nimelificha.

Alhamisi nilikwenda kliniki ya presha mjini. Niliporudi nikakuta kilio kwa jirani wa chini. Ni mama mtu mzima, mjane. Sote tunamwita yeyo, yaani mama. Ana mbuzi wachache tu, na mmoja alikuwa amemtenga kwa ajili ya sikukuu ya mavuno kanisani. Mbuzi akishatengwa hivyo huwezi kumuuza hata mtoto akiugua. Ni wa madhabahu. Mbuzi huyo ndiye aliyekutwa ameanguka kando ya korongo, anavuja damu. Kabla jioni haijafika picha yangu ilikuwa kwenye kila simu ya kijiji. Mfalme amekula.

Jumamosi mchana tukaitwa kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Benchi zilijaa. Kijana mmoja wa bodaboda, ndiye aliyeihifadhi ile picha, akasimama nayo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza tu. Huyu mfalme alikula nini?"

Watu wakaangua kicheko.

"Kichwa cha ng'ombe. Jumatatu."

"Na Alhamisi akashushia na nini?"

Nilimpa balozi simu yangu, akatazama tarehe, akawapitishia wazee wawili. Balozi yule si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alisema, "Picha ni ya Jumatatu kweli. Picha tuiache." Hapo nilijua nimeshinda. Nikapata na ujasiri wa kuuliza: huyo mbuzi yuko wapi, tuone meno yameingia wapi?

Mzee mmoja akakohoa. "Tulimwahi. Alikuwa bado anahema, tukapitisha kisu. Sisi hatuli kibudu."

"Na nyama?"

"Ulitaka tumzike na jeneza?"

"Mbona mnasema kaumwa na mbwa," nikasema, "na kichaa cha mbwa mnakiogopa wote, halafu mkaila?"

Kijana wa bodaboda hakusubiri hata nimalize. "Si wewe mwenyewe unatuambia kila siku mbwa wako wamechanjwa, mzee?"

Walicheka mpaka wengine wakajipiga viganja magotini. Mimi mwenyewe nilitabasamu. Naomba nisamehewe tabasamu lile, lilinitoka tu.

Balozi akatuliza watu. "Mzee wangu, wewe ni mtu wa daftari. Alhamisi umeandikaje?"

Nilikuwa nimelibeba. Nililibeba kwa kiburi, nikidhani daftari ndiye wakili wangu. Nikampa akasoma kwa sauti: "Saa nne nimetoka kwenda kliniki. Geti nimefunga kwa kamba, komeo bovu. Saa nane nimerudi. Mbwa wote wanne wapo. Kamba ipo chini."

"Kamba ipo chini," balozi akarudia. "Maana yake?"

"Imefunguka. Hufunguka kwa upepo."

"Kati ya saa nne na saa nane nani alikuwa nyumbani?"

"Hakuna."

"Basi tumalize. Unaapa mbele ya watu hawa kwamba mbwa wako wa kahawia hakutoka?"

Neno lenyewe lilikuwa moja. Ndiyo. Mtu mwingine yeyote kwenye benchi zile angelisema akiwa anatafuna mua. Na mimi moyoni niliamini hakutoka. Alikuwa ananingoja barazani, mdomo mkavu, mkia unapiga sakafu. Lakini miaka yote ile ya geti ilinishika ulimi.

"Siwezi kuapia nisichokiona," nikasema.

Mtu wa nyuma akasema, "Amekiri." Sikukiri! Ila sauti yangu haikufika kwake, au ilifika asiitake.

Balozi akawa bado amelishika daftari. Akafungua nyuma kidogo, nadhani bila nia mbaya, akaanza kusoma polepole kama anasoma somo la Jumapili: "Wa kahawia amemkamata kuku wa jirani wa juu. Kuku hakufa. Nimemchapa. Nimekwenda kuomba radhi." Akafunga. Hakuna aliyecheka tena. Jirani wa juu mwenyewe alikuwa amelisahau jambo lile. Nilimwona akishangaa kwamba ana kesi.

Vijana walitaka mawe, siku hiyohiyo. Balozi akakataa, akasema ataitwa bwana mifugo amchome sindano, Jumatatu asubuhi, nyumbani kwangu, nami nikakubali. Kwa hilo namshukuru. Ni ajabu kumshukuru mtu kwa jambo kama hilo lakini ndivyo ilivyo, mawe nimeyaona.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilitoa kamba, nikawaza kumpeleka mbwa kijiji cha Kikwe kwa dada yangu. Kisha nikawaza, dada ana kuku, majirani zake wana kuku na mbuzi, nitawaambia nini? Nikikaa kimya nimewadanganya. Nikisema, nani atampokea? Halafu nilikuwa nimekubali mbele ya watu. Nikairudisha kamba msumarini. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa haki au uoga. Binti yangu alisema ni uoga. Alilia kwenye simu akaniambia, "Baba, ungesema tu ndiyo. Wao wamesema uongo mangapi?"

Bwana mifugo alikuwa kijana mpole. Alinisalimia, akanawa mikono, akaniambia hataumia. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linavuka. Nilitoa simu mfukoni nitazame saa, basi, sikuwa na nia nyingine. Mbwa akaiona. Akakaa, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine, akanitazama.

Sikupiga. Nilikishika kichwa chake mapajani mpaka kikawa kizito.

Nimesema nina hasira na sijaeleza hasira yenyewe. Kwanza niliwachukia waliocheka pale kwa balozi. Halafu nikamchukia kijana wa bodaboda, ingawa yeye aliuliza tu, na kuuliza si dhambi. Nikalichukia daftari, wiki mbili sikuandika. Kila asubuhi niliamka nikisikiliza huko chini kama kuna mbuzi mwingine amelia. Nilitaka alie. Nilitaka mbuzi wa yule mjane, maskini ya Mungu, araruliwe mchana kweupe mbele ya kijiji kizima, ili waone. Nililiomba hilo kama mtu anavyoomba mvua, na nilipojisikia naliomba nilishtuka. Hakuna mbuzi aliyelia. Mtu anaweza kusema basi ni mbwa wangu, kwa kuwa ameondoka na mbuzi wamepona. Na mimi nilisema hivyo, kwa sababu ni haki kulisema, na kulisema kulinichoma kuliko sindano.

Mwezi ukapita hivyo. Jana nilikutana na yeyo njiani, ana mzigo wa majani ya mbuzi mgongoni. Nilitaka nipite. Akasimama.

"Shikamoo yeyo."

"Marahaba baba. Umekonda."

"Ni presha."

Akautua mzigo, akajipangusa. Sikupanga kumuuliza, lilinitoka. "Yeyo, yule mbuzi. Jeraha lilikuwa wapi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mguuni. Mguu wa nyuma ulivunjika, mfupa ukatokeza nje. Palepale kwenye korongo, kwenye yale mawe."

"Shingoni?"

"Shingoni kulikuwa na kisu, baba. Kabla ya kisu hakukuwa na kitu."

"Meno?"

"Meno sikuona. Ila mbwa naye anakamata mguu," akasema, na ni kweli, anakamata. "Anaweza kumkimbiza akaanguka. Na mbuzi anaweza kuteleza mwenyewe. Mimi nilikuta ameanguka. Watu wakaja na simu, wakasema ni mbwa, nikasema haya."

"Ulikuwa umekaa pale kwa balozi, yeyo. Benchi ya mbele. Mbona hukusema?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyechelewa shule. "Nani aliniuliza? Waliulizana wanaume kwa wanaume. Aliyeulizwa ni wewe."

Nikamwambia twende kwa balozi. Sasa hivi.

"Mbwa atafufuka?"

"Hafufuki."

"Basi tunakwenda kufanya nini, na majani yangu yananyauka?"

Niliuchukua mzigo wa majani, nikaujitwika mwenyewe, nikatangulia. Nilimsikia nyuma yangu akisonya, akilalamika kwamba wazee wa siku hizi wana vichwa vigumu kuliko punda, lakini hatua zake zilikuwa zinakuja. Balozi tulimkuta anakula makande. Akanikaribisha, akasogeza bakuli. Sikukaa.

"Mzee wangu, kuna nini tena?"

"Hakuna tena," nikasema. "Ni lilelile. Kuna mtu alikuwepo korongoni na hukumwuliza. Muulize kama ulivyoniuliza mimi. Na umwambie aape."