Msamaha Aliokariri Baba

Nilijua mambo yameharibika pale mshenga alipoingia na koti. Huyu ndiye aliyewaozesha wazazi wangu kule Moshi. Siku hizi ananunua spea za pikipiki hapa Guangzhou, China, na kwetu huja na kandambili kula ugali. Mtu anayevaa koti mwezi wa tatu, kuta zinatoka jasho na nguo hazikauki, hajaja kula.

Mama alikuwa amekuta kwenye simu ya baba meseji za mapenzi za mwanamke mmoja wa mtaa wa Dengfeng. Meseji tu. Wiki nzima akawa anakwenda soko la Shisanhang kununua magauni, anarudi, anapika, hamsemeshi mtu. Mshenga ndiye aliyemwambia hivi: baba akiomba msamaha wa kueleweka, yeye atabaki; asipoomba, anarudi nyumbani Moshi.

Sasa, baba anajua kumbembeleza laoban, bosi wa duka, apunguze bei. Kumbembeleza mke hajui. Ndiyo maana Ijumaa alinifuata nikisomea mtihani wa fasihi ya Kiingereza.

"Hao washairi wako wa karne ya kumi na saba, si ulisema kazi yao kuchepuka na kulia?"

"Kuchepuka, kulia, kuoa. Mpangilio haujalishi, mzee."

"Walikuwa wanaombaje?"

Nikamweleza, nikijitia uchungaji: mume anajiita nyumba iliyoungua, mke ndiye mvua. Anakiri kila kitu, hata kitanda cha mwanamke mwingine, maana dhambi ikiwa nene machozi yanapendeza zaidi.

"Na mke anajibu nini?"

"Hapewi nafasi. Shairi linaisha."

Nikacheka peke yangu. Baba alikuwa anakariri, midomo inatembea.

Jumapili, baada ya kanisa, mshenga akakohoa. "Shemeji, mwenzako ana neno."

Baba akasimama, akafuta viganja kwenye suruali. Nyumba ikaungua, mvua ikaitwa. Mama akainamisha uso, mabega yakalegea, nami nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Kisha sauti ya baba ikabadilika, ikawa ya chini.

"Niliamka kitandani kwake, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye viatu vyangu, nikajiona mchafu, mke wangu. Nikavivaa hivyo hivyo, vimelowa."

Mshenga akaangalia sakafu.

"Kitanda gani?" mama akauliza, polepole. Akanigeukia mimi. "Mwanangu, hayo nayo ni ya shuleni?"

Baba alikuwa ananitazama kama mtu anayezama. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini wale Waingereza wa kale hawakuwa na kiyoyozi.

"Hapana, mama."

"Kaka, umesikia," akamwambia mshenga, akaingia chumbani. Mlango hakuubamiza. Tukakaa watatu, chai inapoa, tukisikiliza kule chumbani utepe wa gundi wa kufungia maboksi ukivutwa na kukatwa, ukivutwa na kukatwa.