Vituta vya Mkamwana

Marsiana alikuwa na dharau ya kuwagawia watu wa mtaa mzima, na ikabaki ya kupeleka sokoni. Wala hakuificha. Akipita kando ya shamba lako akalitazama, kisha akasonya, ujue umeshahukumiwa na rufaa hakuna.

Aliowadharau kuliko wote ni wachoma nyasi. Kila kiangazi, moshi ukianza kupanda juu ya mashamba ya Ufipa, yeye husimama mlangoni kwake, pembeni kabisa mwa Izia, pale nyumba zinapokwisha na mahindi yanapoanza, mikono kiunoni. "Watazame! Mtu anakichoma chakula cha ardhi kikawa majivu, halafu anakimbilia dukani kununua kingine kwenye mfuko! Hivi hizo ni akili au matope?" Na hapo hakukosea sana. Watu walimwaga urea mwaka hadi mwaka, udongo ukachoka, ukawa mchachu na mgumu, nao wakaona dawa yake ni kuongeza mfuko mwingine. Afisa ugani alipokuja kuwashauri wapime udongo kwanza na kutia chokaa, wakamsikiliza kwa adabu, wakampigia makofi, wakarudi kwenye viberiti vyao. Mbumbumbu watupu.

Marsiana yeye alilima ntumba, kama mama yake. Mwezi wa tatu, udongo ukiwa bado laini na nyasi mbichi, unafyeka nyasi na kuzirundika mafungu mafungu. Kisha unakata mabonge ya udongo pamoja na majani yake na kuzifunika, majani yakitazama ndani, mpaka kituta kifike magotini. Juu yake unapanda maharage. Nyasi zinaoza humo ndani taratibu, na msimu unaofuata unavibomoa vituta, unausambaza ule udongo mweusi na kupanda ulezi. Kazi ya kuvunja mgongo. Lakini eka zake mbili zilikuwa hazijawahi kumwangusha, na mumewe alipofariki, shamba hilo ndilo lililomtoa kitandani asubuhi.

Basi magoti yakamsaliti. Akiwa na miaka sitini na mitatu akaambiwa zahanati asiiname tena. Mwanawe wa pekee, Cleophas, aliendesha lori kati ya Sumbawanga na Kasesya, na jembe alilishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Ndipo Fahadi, mfanyabiashara wa mjini mwenye duka na trekta, akaomba kulikodi shamba kwa miaka mitano. Cleophas akaona nafuu imekuja. Marsiana akalia, yeye ambaye msibani hakulia.

"Miaka mitano ya kuchoma mabua kila mwaka! Atanirudishia nini huyo? Vumbi?"

"Sasa nani atalima, mama?"

Aliyejibu ni Faith, mke wa Cleophas. "Nitalima mimi. Mama anifundishe."

Hapo Marsiana alicheka mpaka akakohoa. Faith ni mtu wa Wampembe, amezaliwa ziwani, amekulia kwenye samaki. Tangu aolewe, mama mkwe wake hakuwahi kumsifu kwa lolote, hata kwa kupumua. Lakini pa kukimbilia hapakuwa. Wakakubaliana hivi: Faith atengeneze vituta msimu mmoja, kiangazi Marsiana avikague. Akisema vinafaa, shamba linabaki la nyumbani. Akisema havifai, Fahadi alichukue.

Mwezi mzima Marsiana alikaa kwenye kigoda kando ya shamba, fimbo mkononi, domo wazi. "Hilo ni bonge au andazi? Geuza! Majani ndani, wewe mla migebuka, ndani!" Vituta vya kwanza alivibomoa kwa fimbo, kumi na kimoja. Faith alifuta jasho, akasema neno lile lile kila mara: "Nisamehe mama, nioneshe tena." Kisha akaanza ujuzi wake mwenyewe: humo kwenye nyasi akatia samadi ya mbuzi, mashina ya maharage na maganda aliyookoteza majikoni kwa watu. Marsiana aliona aibu kupita kwa majirani. "Mnasikia? Mkamwana wangu ananijengea jalala shambani!"

Maharage yalipotoka vizuri, alisema maharage huota hata juu ya paa.

Mwezi wa nane, siku Faith alipokuwa kisimani, Marsiana alijikokota mpaka katikati ya shamba, akapiga magoti kwa maumivu, akafukua kituta kimoja kwa mikono. Loh! Kiangazi chote kile, nje udongo umekauka kama tofali, ndani mlikuwa na unyevu. Udongo mweusi, laini, unaoponyoka vidoleni, na minyoo imejaa. Aliunusa. Miaka arobaini ya ntumba, na vyake havikuwahi kuwa hivi. "Mtoto wa dagaa huyu!" alisema peke yake, na machozi yakamlengalenga kwa furaha. Shamba limepona. Akakifunika kituta vizuri, akatazama huku na huku asije akawa ameonwa.

Jioni ile ile Faith alimletea chakula. Ilikuwa nafasi ya kusema. Marsiana alionja, akasema mboga haina chumvi.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, baada ya misa, Cleophas akaja na Fahadi. Fahadi alitaka jibu mapema, apange safari za trekta lake. Alikuwa mtu wa heshima zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Wakatazama shamba kutoka uani. Faith akatoka na sinia la maji ya kunywa. Cleophas akasema, "Haya mama, neno ni lako. Vituta vya Faith vinafaa, au havifai?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Fahadi ndiye aliyeliharibu, tena kwa kutaka kumfurahisha. "Mama unayo bahati. Huko mjini wanasema mkamwana wako amekupita."

"Amenipita nani?" Marsiana aliruka kutoka kwenye kigoda, magoti na yote. "Mimi? Huyu aliyekuja hapa hajui kushika jembe? Hivyo ni vituta hivyo? Hilo ni jalala! Hata kuku wangu akiparua anafanya vizuri zaidi!"

Fahadi akacheka, akadhani ni utani. Cleophas hakucheka. Alimgeukia mkewe. Na Marsiana naye alimtazama, akimsubiri aseme kama siku zote, nisamehe mama, nioneshe tena, ili naye apate mahali pa kurudi nyuma.

Faith aliweka sinia chini. "Mimi nimechoka, mama," akasema. Akaingia ndani.

"Basi," akasema Cleophas, "mama kashasema."

Neno la kusema nilikuwa natania lilimfika Marsiana kooni. Lakini kujirudi mbele ya mwanaume wa dukani, tena kwa ajili ya mtu wa Wampembe? Kiburi cha namna hiyo hakina tiba. Wakatia saini siku ile ile, naye akaweka dole gumba lake.

Mwezi wa kumi na moja trekta likaja. Marsiana alisimama ukingoni, akaona vituta vikipasuka kimoja kimoja na ule weusi ukimwagika, mavuno ya Fahadi hayo, bila kutia hata kiganja cha mbolea. Dereva alisimamisha mashine, akashuka, akachota udongo.

"Bibi, nimelima huku miaka kumi na miwili, sijaona udongo wa hivi. Nani ameutengeneza?"

"Mkamwana wangu."

"Huyo anajua kazi! Nipelekee hongera zangu."

Jioni Marsiana alitembea kwa fimbo mpaka kwa Cleophas, akisimama kila hatua kumi. Faith alikuwa mlangoni akichambua maharage. Alimwamkia, akamsogezea kiti.

"Dereva wa trekta anakupa hongera," akasema Marsiana. "Ya udongo."

Faith aliacha kuchambua. Alimtazama mama mkwe wake usoni, akasubiri kama kuna jingine linalofuata. Marsiana akasugua magoti yake.

"Mwambie asante," akasema, akarudi kwenye maharage yake.