Hatua Sitini na Mbili

Wiki iliyopita nilirudi Timau na mjukuu wangu, nikamwomba anionyeshe kwa simu pale palipokuwa na nyumba ya nyanya. Kila tulipogeuka, ramani ya simu nayo iligeuka. Nikacheka peke yangu, naye akataka kujua kwa nini. Sijui kama nilimweleza vizuri, maana shule niliiachia darasa la saba. Wacha nijaribu tena kwako.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa historia na jiografia alikuwa na dira ndogo, aliiweka ndani ya mkebe wa majani chai. Alituambia kila mmoja achore ramani ya kwao: iwe na skeli, mshale wa kaskazini, na habari moja ya zamani kutoka kwa mzee wa nyumbani. Zilizo nzuri zingebandikwa ukutani siku ya wazazi.

Nyanya alinisaidia kupima. Asubuhi, nyasi ikiwa bado nyeupe kwa baridi, alitembea kutoka mtoni mpaka mlangoni, mimi nyuma nikihesabu. Sitini na mbili. Skeli yangu ikawa hatua ya nyanya. Nilipomuuliza nyumba ilijengwa mwaka gani, alisema ni ule baridi iliunguza viazi vyote. Mwalimu alitaka nambari. Mimi niliandika viazi, na mpaka leo sijui kama nilikosea.

Nyanya hakuwa amewahi kupita geti la shule. Alisema ni la wanaosoma. Lakini safari hii akasema, "Kama nyumba yangu iko kwa hiyo karatasi, nitakuja niione." Nilitaka aione kuliko nilivyotaka alama.

Shida ikawa mlima. Sisi tuko kaskazini mwa Mlima Kenya. Ukiweka kaskazini juu ya karatasi, kama alivyotaka mwalimu, mlima unaangukia chini na mto unapanda. Jioni nikimenya viazi, nyanya akaichungulia.

"Huu ndio mlima? Mbona mmeuzika?"

"Ni mwalimu alisema, nyanya."

"Na haya maji yanapanda kwenda kumsalimia nani?"

Nilitamani kuchora upya, lakini hiyo isingebandikwa. Nikaiacha.

Siku ya wazazi alikuja na kitambaa chake cha kanisani. Ramani zilikuwa zimeshikizwa ukutani kwa miiba. Alisimama mbele ya yangu muda mrefu, akiinamisha kichwa huku na huku. Jirani yetu mmoja akacheka: "Ai, nyanya, umepotea kwako mwenyewe?" Niliona aibu. Nikisema ilikuwa kwa ajili ya nyanya tu, nitakuwa ninadanganya.

Nyanya aling'oa miiba, mmoja mmoja, akatoka nje na karatasi, akailaza kwenye nyasi. Akaizungusha polepole mpaka mlima wa karatasi ukaelekea mlima wenyewe. Kisha akaweka kidole.

"Mlango wangu huu. Mto ule. Mliilaza vibaya tu."

Mwalimu alitoka mbio. Nilidhani ana hasira. Akapiga magoti, akaweka dira juu ya mshale wangu, na sindano ikatulia sawasawa na mshale.

"Nyanya," akasema, "hivi ndivyo ramani inavyosomwa."

Hakuwa ametufundisha hivyo. Lakini nisimwonee, huenda lilikuwa somo la wiki iliyofuata.

Ile karatasi sijui iliishia wapi. Barafu ya mlima imebaki kidogo sana, na pale kwetu ni ngano mpaka ukingoni mwa mto. Simu ilijua mto, haikujua nyumba. Basi nikampa mjukuu mkoba wangu, nikahesabu kutoka mtoni hatua sitini na mbili, nikasimama ndani ya ngano.

"Ni hapa?" akauliza.

Nilitaka sana kusema ndiyo. Lakini hatua zilikuwa za nyanya, na urefu wake sikuwahi kuupima.